Maswali ya wasomaji: Kompyuta unajitolea, LUKU je?

Toleo lililopita tuligusia ile programu ya bure inaitwa BOINC, unaiweka kwenye kompyuta yako alafu nguvu ya prosesa ambayo huitumii inaenda kufanya mahesabu ya watafiti huko duniani, wa saratani, wa nyota, wa hali ya hewa, mradi unachagua mwenyewe. Nikajua wataandika wawili watatu basi. Zimekuja meseji kibao na karibu zote ni za manunuzi, fundi ninunue ipi, fundi hela yangu inatosha. Haya leo tunajibu hizo, nimezifupisha maana wengine mmeandika mpaka historia ya ukoo.

Shikamoo fundi. Niko Tabata, nasoma chuo mwaka wa pili. Nimejichanga laki sita, nataka mashine ya kuwasha masaa 24 ifanye kazi za miradi ya BOINC inayoitwa World Community Grid na Rosetta@home. Kariakoo nimeona workstesheni ya mtumba ina prosesa mbili za Xeon E5-2670, yaani kori (vitengo vya kufanyia kazi ndani ya prosesa) 16 na thredi (kazi inazokimbiza kwa pamoja) 32, muuzaji anataka itoke haraka kwahiyo bei iko chini ya bajeti yangu. Pia kuna Dell OptiPlex ya prosesa ya i5-8500. Au ninunue kifaa kimoja kimoja nijenge mashine yangu mwenyewe ya prosesa ya Ryzen? Washkaji wote wanasema chukua Xeon, kori 16 sio mchezo.

Marahaba mdogo wangu. Hao washkaji watakuchangia LUKU? Waulize hilo kwanza.

Kompyuta ya kawaida mtu anawasha jioni, anacheki muvi, anazima, kwahiyo umeme wake hausikii. Hii yako haitalala, prosesa iko mia kwa mia usiku na mchana, ndio maana bei ya dukani kwako wewe ni malipo ya kwanza tu, malipo mengine yanakuja kila mwezi kwenye mita. Tupige hesabu. Zile Xeon ni za mwaka 2012, kila moja kwenye makaratasi ni wati 115, ziko mbili, weka madabodi, RAM, mafeni na umeme unaopotea kwenye pawa saplai, unafika kama wati 300 ukutani. Wati 300 mara masaa 24 mara siku 30 ni uniti 216. Kwa bei ya matumizi ya kawaida, ile ya kama shilingi 356 kwa uniti ukishajumlisha kodi na makato, unaongelea elfu 76 na mia nane na kitu kwa mwezi, mwanafunzi, kwa kompyuta ambayo haikupi hata senti.

OptiPlex ya i5-8500 ikifanya kazi kwa nguvu zote inakula kama wati 90. Hiyo ni uniti 65 kwa mwezi, elfu 23. Tofauti kati ya hizo mashine mbili kwa mwaka mzima inapita laki sita, yaani ile workstesheni ya bei poa itakuwa imekula hela ya kununua mashine nyingine kamili. Na usidhani inafanya kazi mara tatu kwa sababu inakula zaidi ya mara tatu, kori zake ni za zamani na ni za mwendo mdogo, nikiwa mkarimu sana nitasema inafanya mara mbili ya hiyo i5. Muuzaji anataka itoke haraka na mimi namuelewa kabisa.

Kuna kitu kingine wengi hawakiangalii. Kama nyumba yenu iko kwenye lile kundi la umeme wa bei ndogo, la mwisho uniti 75 kwa mwezi, basi OptiPlex peke yake inamaliza 65, zinabaki 10 za friji, feni, taa, pasi na TV ya mama. Ukivuka 75 zile za juu bei inaruka zaidi ya mara tatu. Kwahiyo kabla hujanunua chochote kaa na mwenye nyumba au na wazazi, muongee mita iko kundi gani na nani ananunua umeme, maana ugomvi wa LUKU Dar hii tunaujua wote. Kama mnachangia mita na wapangaji wengine ndo usiseme, usiwashe kimya kimya ukidhani hawataona.

Kupima ni rahisi. Kuna vidude vya kuchomeka kwenye soketi vinaonyesha wati, ukikipata chukua. Ukikosa, angalia mita yenyewe, ina kitaa chekundu kinablink, pembeni imeandikwa labda 1000 imp/kWh, maana yake kikiblink mara 1000 ni uniti moja. Zima kila kitu ndani, friji mpaka chaji za simu, acha kompyuta tu ikiwa na kazi, hesabu kwa dakika 10. Kikiblink mara 15 hapo una wati 90. Mita yako ikiwa na namba nyingine hesabu inabadilika, soma kwanza.

Sasa kujenga Ryzen. Mimi nasapoti kujenga, unajifunza, na ukiharibikiwa unajua pa kushika. Ila kwa laki sita utabanwa, na kuna mtego nauona kila siku: prosesa kama Ryzen 5 3600 au 5500 hazina grafiksi ndani, na Intel zote zenye herufi F mwishoni, mfano i5-9400F, ni hivyo hivyo. Kijana ananunua prosesa, madabodi, RAM, keesi, anawasha, skrini nyeusi, anarudi dukani anagombana na watu eti wamemuuzia kitu kibovu. Ukijenga kwa ajili ya kazi hii tafuta yenye G, Ryzen 5 5600G ni kori 6 thredi 12, wati 65, picha inatoa yenyewe. Alafu kuna hizi keesi zinauzwa na pawa saplai yake ndani imebandikwa wati 500, ukiinyanyua nyepesi kama boksi la viatu. Mashine ya kukesha kila siku hiyo usiiwekee. Tafuta yenye nembo ya 80 PLUS, hata ikiwa ya wati 400 inatosha na kubaki, inapoteza umeme kidogo na haiungui mapema.

RAM chukua 16GB, na ziwe mbili za 8 sio moja ya 16, prosesa inasoma zote mbili kwa pamoja. Kipimo changu ni 1GB mpaka 2GB kwa kila kazi inayokimbia, Rosetta hasa inapenda RAM, i5-8500 inakimbiza kazi 6 kwa hiyo 16 inakaa vizuri. Ukikuta i7-8700 kwa ongezeko dogo la hela chukua, ila jua thredi 12 sio kazi mara mbili ya i5, inaongeza kiasi tu, na RAM inataka zaidi. SSD ya 240GB yoyote ya kueleweka inatosha. Hapo usipoteze muda.

Kwahiyo jibu langu ni OptiPlex ya i5-8500, hela inayobaki ongeza RAM, na kingine weka kwenye LUKU. Faida nyingine ya kizazi cha 8 ni kwamba inapokea Windows 11 bila kulazimisha, wakati i5-6500 na wenzake wa kizazi cha 6 hawapo kwenye orodha na Windows 10 ilifungiwa msaada Oktoba 2025. Ingawa mimi kwa mashine ya namna hii ningeweka Linux Mint, BOINC inakaa vizuri tu na hulipii kitu.

Fundi habari. Mimi ni dada wa Kigamboni, nina HP ndogo ile ya mini nilinunua ya ofisini. Niliposoma nikaweka BOINC, usiku inaenda vizuri ila mchana inakuwa moto, feni inapiga kelele, mara inajizima na kazi zinaandika error. Chumba ni kimoja, AC sina. Ninunue feni kubwa au nibadilishe mashine?

Dada yangu usibadilishe mashine, hiyo mini ndio saizi ya Dar. Cheki prosesa yake, kama mwishoni ina T, mfano i5-8500T, basi ni ya wati 35, hakuna unachoweza kununua kwa bei ya kawaida kikakupa kazi nzuri hivyo kwa umeme mdogo hivyo. Shida yako ni joto na vumbi.

Prosesa za Intel za aina hiyo zikifika nyuzi 100 zinajipunguza mwendo zenyewe, joto likizidi kuliko hapo zinazima kujiokoa. Sasa Februari chumba chako mchana kiko nyuzi 32, 33, mashine inavuta hewa ambayo tayari ni ya moto, hata ukiielekezea feni la kichwa kikubwa linasukuma hewa ile ile. Mpelekee fundi unayemwamini aifungue, apulize vumbi kwenye feni na mapezi, apanguse ile pesti ya zamani kati ya prosesa na chuma akapake mpya. Mashine zilizotoka ofisini Ulaya zikiwa na miaka sita saba, pesti imekauka kama udongo wa kiangazi, hicho kitu kimoja tu mara nyingi kinashusha nyuzi za kutosha. Na wewe wa Kigamboni una chumvi ya bahari juu ya vumbi, kwahiyo usiiweke dirishani upande wa upepo hata kama panaonekana pana ubaridi, chumvi inakula miguu ya madabodi taratibu.

Alafu punguza kasi kwa makusudi. Kwenye Windows nenda kwenye mipangilio ya umeme, ile asilimia ya juu ya prosesa weka 99 badala ya 100, hapo Turbo, ile ya prosesa kujiongezea spidi yenyewe, inazimika. Utapoteza mwendo kiasi lakini joto na umeme vinashuka kuliko mwendo ulioupoteza, sababu zile spidi za juu kabisa zinadai volti kubwa. Ndani ya BOINC pia, watu wanachanganya sehemu mbili: kuna asilimia ya prosesa za kutumia na asilimia ya muda. Gusa ya kwanza, iambie itumie kori 4 kati ya 6. Ile ya muda ukiiweka 60 inafanya kazi inasimama inafanya inasimama, joto linapanda linashuka, feni inakuwa kama inaimba taarab. Na unaweza kuipa ratiba, ifanye saa mbili usiku mpaka saa moja asubuhi tu, mchana ipumzike, mbona hakuna anayekudai.

Error zinazotokea zichukulie serious kidogo. Miradi mingi inatuma kazi ile ile kwa kompyuta mbili za watu tofauti alafu wanalinganisha majibu, yako ikipishana inatupwa, na umeme umeshalipia. Mashine ya moto inakosea. Umeme ukikatika usiwe na presha, kazi inajihifadhi kila baada ya muda, ukirudi inaendelea ilipoishia au nyuma yake kidogo. Kinachoua mashine sana sana ni ule umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika, kwahiyo hata kama UPS huna hela yake, usichomeke moja kwa moja ukutani, weka kifaa cha kulinda kama kile cha friji.

Bro mambo. Mi nina OptiPlex tayari, nataka kuongeza kadi ya grafiksi ya RX 580, kuna jamaa anauza alikuwa anachimbia kripto. Nimesikia GPU, yaani hiyo kadi, ndio inapiga kazi kuliko prosesa. Mbagala hapa.

Poa kaka. Ni kweli na sio kweli, inategemea unamfanyia nani kazi. Mradi wa Folding@home unaigiza protini zinavyojikunja kwenye kompyuta ya watu wa kawaida tangu mwaka 2000, hiyo GPU inaipenda kweli kweli, na mwaka 2020 wakati wa korona watu walivyojitokeza kwa wingi ilipita kiwango ambacho kompyuta kubwa za serikali zilikuwa hazijafika. Einstein@Home nayo inatumia GPU. Ila Rosetta haigusi GPU kabisa, na ule mradi wa saratani wa World Community Grid ni wa prosesa. Sasa ukinunua kadi alafu mradi wako hauitumii umenunua pambo. Chagua mradi kwanza.

La pili, RX 580 inataka wati 185 na waya wake wa pini 8. OptiPlex yako ina pawa saplai ya wati 200 au 260 na huo waya haina, plagi zake kwenye madabodi sio zile za kawaida kwahiyo hata kubadilisha ni mtihani. Achana na zile adapta za kuunganisha kutoka kwenye waya wa diski, nyaya zinayeyuka. Kwenye mashine hiyo kinachoingia ni kadi inayokunywa umeme wa sloti peke yake, wati 75, kama GTX 1650 isiyo na tundu la waya, na kama OptiPlex yako ni ile nyembamba tafuta kadi yenye kimo cha nusu, zinaitwa low profile. Ikikesha inaongeza uniti 54 kwa mwezi, elfu 19 hivi, jumlisha na ya prosesa. Acha thredi moja huru, kadi inahitaji prosesa ya kuilisha kazi.

Kuhusu kadi ya mchimbaji, mimi sizikatai zote. Kuchakaa sio tatizo kubwa, feni unabadilisha. Tatizo wachimbaji wengi walibadilisha BIOS ya kadi, yaani programu yake ya ndani, ili memori ikimbie zaidi, kwenye uchimbaji ikikosea kidogo haiwaumi, kwenye sayansi jibu likikosea limekosea. Ukinunua rudisha BIOS yake ya kiwandani. Muuzaji akisema hajui BIOS ni nini, shukuru uondoke.

Kijana, mimi ni mwalimu mstaafu Ubungo. Zamani nilisikia habari za kompyuta za watu kutafuta viumbe wa anga za mbali, bado ipo? Na je, wanalipa? Mjukuu kaniambia kuna watu wanalipwa.

Shikamoo mwalimu. Hiyo ilikuwa SETI@home ya chuo cha Berkeley, Marekani, ilianza Mei 1999 na iliacha kugawa kazi mpya tarehe 31 Machi 2020. Kama anga bado linakuvutia ipo Einstein@Home, inatafuta pulsa, yaani mabaki ya nyota zilizokufa yanayozunguka kwa kasi, na mawimbi ya mvutano. Mwaka 2010 walitangaza pulsa iliyogunduliwa kwenye kompyuta za watu wa kawaida, wanandoa wa Iowa na Mjerumani mmoja wa Mainz, na watafiti waliwataja kabisa.

Malipo hakuna. Unapewa pointi, kompyuta yenye uwezo wa gigaflopsi moja, yaani mahesabu bilioni moja kwa sekunde, ikifanya kazi siku nzima inapata pointi 200, na hizo pointi hazinunui hata maandazi. Kuna sarafu ya kidijitali inaitwa Gridcoin inagawiwa kwa wanaofanya kazi hizi, ila kwa bei ya umeme wetu mwalimu utakuwa unanunua hela kwa hela. Na tafadhali mwambie mjukuu, yeyote anayekuja na app anataka ada ya kujiunga, au anasema weka elfu hamsini kompyuta yako itazalisha, huyo ni tapeli. BOINC ni bure na miradi yake haidai hela.

Kwa kuwa umeuliza nikuongezee, hata malaria imewahi kufanyiwa kazi hivi. Taasisi ya utafiti ya Basel, Uswisi, ilikuwa na mradi wa malariacontrol.net, kompyuta za watu zinaigiza jinsi ugonjwa unavyosambaa na njia gani ya kuudhibiti ingefaa. Ulishafungwa. Na mwaka 2019 World Community Grid ilianzisha mradi wa mvua za Afrika na chuo cha Delft, Uholanzi.

Fundi mimi natumia bando la simu, itanimaliza?

Inategemea mradi. Kazi nyingi za prosesa ni ndogo, mahesabu ndio makubwa. Iepuke climateprediction.net, ile ya hali ya hewa ya Oxford, mafaili yake ya kurudisha ni mazito. Kwenye mipangilio weka kikomo cha MB kwa siku, na muda wa mtandao weka usiku kama bando lako la usiku ni rahisi. Iambie itunze kazi za siku moja mbili, usizidishe, Rosetta inakupa kama siku tatu tu kurudisha jibu.

Fundi mi sina hata hiyo laki, nina Android ya zamani kioo kimepasuka kona. Inafaa? Gongo la Mboto.

Inafaa, BOINC ipo ya Android na inakula umeme kidogo kuliko mashine zote nilizotaja leo. Yenyewe inasubiri simu iwe kwenye chaji, betri ifike asilimia 90, na iwe kwenye Wi-Fi, usibadilishe hapo. Weka kori mbili tu, toa kava, ilaze juu ya kigae au sahani sio kitandani, tumia chaji ya kueleweka. Mgongo wa simu ukianza kuinuka ujue betri inavimba, chomoa, usiitoboe wala usijaribu kuikandamiza irudi, ipeleke kwa fundi simu aitoe.